Bonde la Rufiji baada ya bwawa: nani anajifunza kutokana na mafuriko?

Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 2023 na kuungana na masika ya 2024 ziliua watu 155 nchini Tanzania, kwa hesabu ambayo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliitoa bungeni mwezi Aprili mwaka huo. Miongoni mwa maeneo yaliyoathirika vibaya ni wilaya za Rufiji na Kibiti mkoani Pwani, ambako mashamba, nyumba na barabara vilifunikwa na maji. Mjadala uliofuata ulizunguka karibu wote kwenye swali moja, yaani iwapo Bwawa la Julius Nyerere, bwawa la umeme lililojengwa kwenye mto Rufiji, ndilo lililoleta mafuriko yale au ndilo lililoyapunguza. Serikali na shirika la umeme, TANESCO, walieleza kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya maji ilizuiwa kabla ya kufika mabondeni; wananchi wengi walishikilia kwamba maji yalizidi baada ya milango ya bwawa kufunguliwa. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinaweza kuwa zinasema kweli, na kubishana nani mkosaji kumetuchelewesha kuuliza jambo zito zaidi: maji yakishapungua, ni nani anayeketi na nani kupitia yaliyotokea, na ni uamuzi gani unaobadilika kwa sababu ya kikao hicho?

Nauliza hivyo kwa sababu Rufiji si mahali ambapo mafuriko ni mgeni. Bonde lote la mto huu lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 177,000, kubwa kuliko bonde jingine lolote la mto nchini, na maji yake hutoka kwenye mito mitatu mikuu: Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu. Kilombero peke yake, unaokusanya mvua za milima ya Udzungwa na Mahenge na sehemu za Nyanda za Juu Kusini, huleta zaidi ya nusu ya maji yote. Ndiyo maana mkulima wa Utete au Ikwiriri anaweza kuamka chini ya anga jeupe, bila wingu, na kukuta mto umepanda. Mvua iliyomletea mafuriko ilinyesha siku nyingi nyuma, mamia ya kilomita kutoka kwake, na hakuna aliyehitaji kumfundisha hilo, kwa sababu babu yake alilijua.

Ujuzi huo ulikuwa umejengeka katika kilimo chenyewe. Mpunga ulipandwa mapema mvua zinapoanza ili ufike kimo cha kuvumilia maji pale mto utakapopanda, kwa kawaida kati ya Februari na Mei, na wakulima walichanganya mbegu za aina mbalimbali, nyingine za kukomaa haraka na nyingine za kuhimili maji marefu, ili mwaka ukiharibu hizi uziache zile. Maji yaliporudi mtoni yaliacha udongo mbichi wenye rutuba, na hapo ndipo ulipoanza mlau, kilimo cha unyevu wa mafuriko: mahindi, kunde, maboga, na katika miongo iliyopita pamba, mazao yaliyokua kwa maji yaliyobaki ardhini bila kungoja mvua nyingine. Madungu, yale makazi ya juu ya nguzo, yalimwezesha mtu kulinda shamba lake dhidi ya nguruwe na viboko huku maji yakipita chini yake. Mabwawa ya asili yaliyotapakaa pembezoni mwa mto yalijazwa na mafuriko hayo hayo na kuwapa watu samaki kwa miezi mingi. Mwaka usio na mafuriko kabisa ulikuwa mwaka wa njaa, sawa na mwaka wa mafuriko yaliyopita kiasi au yaliyofika kabla mpunga haujasimama. Kwa mtu wa bondeni, basi, swali halikuwa kama maji yatakuja. Alitaka kujua yatakuja lini, yatapanda kwa kasi gani, na yatakaa muda gani.

Dola ilipoingia katika suala hili iliuliza swali jingine kabisa. Baada ya mafuriko ya 1968, serikali iliendesha Operesheni Rufiji, iliyowahamisha maelfu ya watu kutoka bondeni hadi vijiji vipya vilivyopangwa kwenye ardhi ya juu, na ikawa moja ya operesheni za mwanzo kabisa za uhamishaji wa watu katika zama za ujamaa. Nia haikuwa mbaya. Watu walikuwa wamepoteza chakula na mali, na kijiji cha pamoja kilirahisisha kupeleka shule, zahanati na maji safi. Lakini mashamba hayakuhama. Yalibaki bondeni, na mkulima akajikuta anatembea mwendo mrefu kulifikia shamba ambalo zamani alilala kando yake, wakati wanyama waharibifu wakilitembelea usiku bila mlinzi. Wengi walirudi bondeni kila msimu na kuishi kwenye madungu kwa miezi, wakiwa na makazi mawili, moja linalotambuliwa na serikali na jingine linalowalisha.

Ninaitaja historia hii kwa kirefu kwa sababu mazungumzo ya kuwahamishia watu sehemu za juu yamerudi baada ya 2024, na yanazungumzwa kana kwamba jambo hilo halijawahi kujaribiwa. Limejaribiwa, na limeacha ushahidi wa zaidi ya nusu karne ndani ya vijiji vile vile. Wapo wazee waliohamishwa wakiwa vijana na wanaoweza kueleza kilichofanya kazi na kilichoshindikana, kuanzia umbali wa mashamba, upatikanaji wa maji kwenye mchanga wa juu, hadi namna wanawake walivyobeba uzito mkubwa zaidi wa safari za kwenda na kurudi. Taasisi inayopanga viwanja vipya bila kuwaketisha wazee hao na kuwasikiliza inajinyima elimu iliyokwisha kulipiwa gharama kubwa.

Hapa ndipo napenda kuweka wazi maana ya kujifunza kwa jamii katika usimamizi wa mafuriko, kwa kuwa mara nyingi huchukuliwa kuwa ni kuwaelimisha wananchi. Semina ambayo mtaalamu anawaeleza wanakijiji madhara ya kuishi mabondeni ni utoaji wa taarifa, na una nafasi yake. Kujifunza kwa jamii hutokea pale watu wenye sehemu tofauti za ujuzi na wenye maslahi yanayopingana wanapokaa kwenye tatizo moja kwa muda wa kutosha hata kila upande ukabadilisha kitu katika namna unavyotenda. Mhandisi anabadilisha kanuni ya kufungulia maji, mkulima anabadilisha tarehe au eneo la kupanda, mkurugenzi wa halmashauri anabadilisha mahali pa kujenga zahanati. Kama baada ya vikao vyote anayetakiwa kubadilika ni mkulima peke yake, hapo hakuna kilichojifunzwa kwa pamoja.

Bwawa limefanya jambo hili kuwa la lazima kuliko wakati wowote. Ujenzi wake ulianza rasmi 2019, ujazaji wa maji ukaanza Desemba 2022, na mtambo wa kwanza kati ya tisa ukaanza kuzalisha umeme mwanzoni mwa 2024, katika mradi ulioundwa kufikisha megawati 2,115. Simo miongoni mwa wanaoupinga. Nchi ilihitaji umeme huo. Lakini bwawa la ukubwa huo linaugeuza mto, na mabadiliko yake yana pande mbili ambazo huonekana miaka tofauti. Katika miaka ya mvua za kawaida, mafuriko madogo na ya wastani yatamezwa na bwawa. Bonde litakauka pale ambapo zamani lilinyweshwa, mlau utakosa unyevu, mabwawa ya samaki yatapungua, na tope lenye rutuba litatulia nyuma ya ukuta badala ya kufika mashambani na kwenye mikoko ya delta. Watu wakiona miaka kadhaa ya utulivu watasogea karibu zaidi na mto na kujenga kwa tofali pale ambapo wazazi wao walijenga kwa miti, na vijana waliokua bila kuona maji makubwa hawatajua alama zake. Kisha utakuja mwaka kama 2024, bwawa likiwa limejaa na mito ya juu bado inamimina, na maji yote yanayoingia yatalazimika kutoka. Hasara ya siku hiyo itakuwa kubwa kwa sababu ya utulivu wa miaka iliyotangulia. Hali hii imeonekana kwenye mito mingi duniani iliyojengewa kuta na mabwawa, na hakuna sababu ya kudhani kwamba Rufiji itaikwepa yenyewe.

Kuna upande mwingine wa mabadiliko hayo ambao huzungumzwa kidogo sana, nao unatoa matumaini. Zamani hakuna mtu mmoja aliyejua kwa uhakika mafuriko yatafika lini. Sasa yupo. Kwa kuwa karibu maji yote ya bonde la chini hupita kwenye bwawa kabla ya kufika vijijini, chumba cha uendeshaji cha bwawa kina taarifa bora ya mafuriko kuliko chombo kingine chochote nchini: kinajua maji yaliyoingia leo, nafasi iliyobaki, na kiasi kitakachofunguliwa kesho. Kutoka ukuta wa bwawa hadi Daraja la Mkapa, karibu na Ikwiriri, mto husafiri umbali wa kutosha kumpa mtu muda wa kuvuna, kuhamisha mifugo na kuwaondoa wazee na watoto, iwapo ujumbe utaondoka mapema na kufika ukiwa na maana.

Neno hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Tangazo linalosema kwamba maji yatafunguliwa kwa mita za ujazo kadhaa kwa sekunde ni sahihi kitaalamu, na halimsaidii mwenyekiti wa kijiji cha Muhoro kuamua lolote. Anachohitaji kujua ni kama maji yatafika kwenye shule, yatakata barabara ya kwenda Kilwa, au yataishia kwenye mashamba ya chini. Kuligeuza tangazo la kwanza kuwa la pili kunahitaji watu wa bwawa na watu wa kijiji kulinganisha kumbukumbu zao. Kiasi kile cha tarehe fulani kilifika kwenye mwembe ule, kiasi kingine kiliingia msikitini. Mafuriko ya 2024 yameacha alama kwenye kuta za nyumba, na kila alama ikipimwa na kuunganishwa na takwimu za bwawa za siku hiyo, kijiji kitakuwa na jedwali lake chenyewe la kusoma matangazo yajayo. Kazi hii ni ya gharama ndogo mno ukilinganisha na gharama ya bwawa, lakini ina muda wake, kwa kuwa alama hufutika na watu husahau.

Uwezo wa kuifanya nchini upo. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi wa mitaa ya Dar es Salaam kuchora mifereji, njia na maeneo yanayozama, na ramani hizo zikawa bora kuliko zilizokuwa ofisini. Katika bonde la Msimbazi jijini humo, ambako mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40, serikali ilianza kwa njia zilizozoeleka za kuhamisha baadhi ya familia Mabwepande na baadaye, kuelekea mwisho wa 2015, kubomoa nyumba zilizowekwa alama ya X. Maji yalirudi 2018. Mwaka huo huo mipango ikaanza kufanywa kwa mfululizo wa vikao vilivyowakutanisha wahandisi, maofisa wa manispaa, watu wa mazingira, na wakazi wa bondeni wenyewe, na mpango uliozaliwa humo ndio uliovuta fedha, zikiwemo dola milioni 200 zilizoidhinishwa na Benki ya Dunia 2022. Sisemi kila kitu kilikwenda sawa, kwani ilipofika hatua ya fidia malalamiko ya wakazi juu ya viwango vyake yalisikika wazi, na hiyo yenyewe ni dalili kwamba sauti ya mkazi ilikuwa na nguvu kwenye kuchora mpango kuliko kwenye kugawa fedha. Hata hivyo, ukilinganisha na alama ya X ukutani, hatua iliyopigwa ni kubwa.

Rufiji ina ugumu ambao Msimbazi hauna, nao ni mgawanyo wa mamlaka. Bwawa linaendeshwa na TANESCO chini ya Wizara ya Nishati. Maji ya mto yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa, chini ya Wizara ya Maji. Utabiri unatolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, maafa yanaratibiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, halmashauri na vijiji viko TAMISEMI, na mikoko ya delta iko mikononi mwa Wakala wa Huduma za Misitu. Kila chombo kina sheria yake, bajeti yake na bosi wake, na kila kimoja kinaweza kutimiza wajibu wake kikamilifu huku kijiji kikizama. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 ilitarajia bodi za mabonde, kamati za vidakio (maeneo madogo yanayokusanya maji ya mto) na jumuiya za watumia maji viwe mahali pa kupatanisha matumizi ya maji. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 nayo imeweka kamati kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji. Ngazi hizi mbili zinakwenda sambamba bila kukutana ipasavyo: ya kwanza inashughulika na vibali vya maji, ya pili huamka maji yanapoingia ndani ya nyumba. Kati yao hakuna meza ambayo meneja wa bwawa anawajibika kuketi mbele ya wenyeviti wa vijiji na kujibu.

Nasisitiza neno kuwajibika. Kenya inatuonyesha kwamba taarifa pekee haitoshi. Kwenye mto Tana, bwawa la Masinga linapokaribia kufurika, kampuni ya umeme inayoliendesha, KenGen, hutoa tahadhari kwa wakazi wa Garissa na kaunti ya Tana River, na tahadhari hizo zimekuwa jambo la kawaida katika miaka ya mvua kubwa. Bado familia nyingi hukosa makazi mafuriko yanapokuja, kwa sababu mashamba yao, malisho yao na maisha yao yako kando ya mto, na tahadhari haiwapi mahali pa kupeleka mifugo wala mbegu za kupanda baada ya maji. Mtu aliyeonywa akiwa hana njia ya kutokea atabaki pale pale hadi dakika ya mwisho, na si haki kumwita mkaidi.

Mfano ambao naona unafaa kusomwa na wapangaji wetu unatoka Uholanzi, nchi yenye uzoefu mrefu wa kujenga kuta dhidi ya maji. Baada ya watu wapatao 250,000 kuhamishwa kwa dharura mwaka 1995, serikali ya huko ilikubali kwamba kuendelea kuinua kuta hakutoshi, ikaanzisha mpango wa kuipa mito nafasi katika maeneo zaidi ya 30. Eneo la Overdiepse, lililokuwa na mashamba ya ng'ombe wa maziwa, lilipangwa kuachiwa maji yaingie. Wakulima hawakungoja kuhamishwa. Walikuja na pendekezo lao: nyumba na mabanda yajengwe juu ya matuta makubwa ya udongo, na maji yapite kwenye malisho wakati wa mafuriko makubwa. Baadhi ya familia ziliondoka kwa kulipwa, nyingine zikabaki juu ya matuta, na serikali ikaubadilisha mpango wake kulifuata pendekezo hilo. Nikilitazama jambo hilo sioni tofauti kubwa ya fikra kati ya tuta la Overdiepse na dungu la Rufiji. Tofauti iko kwenye mapokezi: wazo la mkulima wa kule lilipata wahandisi wa kulikokotoa na bajeti ya kulijenga, wakati dungu limehesabiwa kwa miongo mingi kuwa dalili ya umaskini na ukaidi wa watu wasiotaka kuhama. Hakuna mhandisi wa Kitanzania anayeshindwa kubuni ghala la mbegu, darasa au kituo cha afya cha juu ya nguzo kinachofaa Muhoro. Hajaombwa tu.

Wapo watakaosema kwamba kuwashirikisha wanakijiji katika uendeshaji wa bwawa ni kuchanganya siasa na uhandisi, na kwamba gridi ya taifa haiwezi kungoja mkutano wa hadhara. Hoja hiyo ina ukweli wake wakati wa dharura, kwani usiku ambao maji yanakaribia ukingo wa ukuta mhandisi lazima awe na mamlaka kamili. Lakini kanuni atakayoifuata usiku huo huandikwa miezi kabla. Ni kiasi gani cha nafasi kiachwe wazi bwawani kabla ya masika, maji yaanze kupunguzwa mapema kidogo kidogo au yahifadhiwe kwa ajili ya umeme hadi yajae, hayo ni maamuzi ya kugawana hatari kati ya mtumiaji wa umeme wa Mwanza au Dodoma na mkulima wa Kibiti. Maamuzi ya namna hiyo ni ya kisiasa kwa asili yake, hata yakiandikwa kwa lugha ya mita za ujazo, na anayebeba hatari ana haki ya kuwepo yanapofanywa.

Ninachopendekeza kinaweza kuanza bila sheria mpya. Kila mwaka, kabla ya mvua za Desemba, Bodi ya Maji ya Bonde iitishe kikao Utete, TANESCO na Mamlaka ya Hali ya Hewa wakiwa wahusika wa lazima, pamoja na wajumbe waliochaguliwa na mikutano mikuu ya vijiji vya Rufiji na Kibiti, wakiwemo wakulima wa mlau, wavuvi wa mabwawa na wanawake wanaolima mpunga. Kanuni ya uendeshaji wa bwawa kwa msimu huo isomwe kwa Kiswahili, ihojiwe, na mabadiliko yaliyokubaliwa yaandikwe pamoja na jina la ofisi itakayoyatekeleza. Kikao cha pili kifanyike Julai, maji yakiwa yamerudi mtoni, na kianze kwa kulinganisha kilichoahidiwa na kilichotokea, kijiji kwa kijiji, kabla ya jambo jingine lolote kujadiliwa.

Na ajenda ya kwanza ya kikao cha kabla ya mvua iwe ile ambayo watu wa bondeni wangeiweka wenyewe kama wangeulizwa: katika miaka ya maji ya kutosha, bwawa lifungulie mafuriko madogo ya makusudi, kwa tarehe inayojulikana na kwa kimo kilichokubaliwa, ili mabwawa ya samaki yajae na mlau upandwe. Kiasi hicho kina gharama kwa uzalishaji wa umeme, na gharama hiyo ikokotolewe hadharani, iwekwe kando ya thamani ya mahindi, samaki na mpunga ambao bonde huzalisha linapopata maji yake, kisha Wizara ya Nishati na Wizara ya Maji zitoe jibu lenye saini kabla mkulima hajaamua ni mbegu gani apeleke shambani.